Maksai Wanaokunywa Dizeli

Bunda, 11 Februari 2024

Kwako mwanangu Hezron,

Salamu nyingi. Ukitaka kujua hali yangu, nakula, nalala, naamka, na mguu wa kulia naukokota kama mbuzi asiyetaka kwenda mnadani. Wewe je? Nasikia bado unakula kwa mama ntilie. Umri wako mimi nilikuwa na watoto wawili na jiko langu mwenyewe.

Usishangae mwandiko, huu ni mkono wa kushoto. Simu siitaki tena. Tangu kiharusi kininyang'anye nusu ya mdomo, nikisema neno mtu wa upande wa pili anaitikia "ndiyo baba, ndiyo baba," nami najua hajasikia kitu. Barua haiitikii ovyo. Hii nimeiandika siku tatu. Anakuletea Marcelina, yule anayefuata dagaa huko Musoma pamoja na dada yako Agness.

Sasa sikiliza. Shemeji yako Mseti alipofunga banda lake la gemu na kwenda kuchimba dhahabu Buhemba, mashine moja ilibaki hapa sebuleni kwao. Ndani yake kuna gemu la kilimo. Agness aliniwashia ili nisimsumbue akiwa anafua, na mimi nikalima. Yaani nilijaribu. Kumbe ile pedi ya kuchezea imetengenezwa kwa watu wenye mikono miwili. Mkono wa kushoto unakata kona na kurudi nyuma, lakini kitufe cha kwenda mbele kiko kulia, na mkono wangu wa kulia ndio huo, umelala pajani. Kwa hiyo Agness akiwa sokoni baba yako anaendesha trekta kinyumenyume kuzunguka shamba la watu. Plau hailimi kinyumenyume, hata ya kwenye televisheni. Akirudi anakaa pembeni yangu ananibonyezea hicho cha kulia huku anachambua dagaa, na pedi yote inanuka.

Agness ananiambia wewe umeliweka shamba letu la Bugwema kwenye kompyuta, na mawe yake, na Korti na Sirari wanavuta plau. Anasema watu wa nchi za mbali wanalima shamba langu. Mimi mwenyewe sijaliona tangu nilipoanguka, miaka miwili sasa, na wale maksai waliuzwa nikiwa kitandani. Nataka lije kwenye mashine hii. Nataka nililime mara moja na wale maksai wangu. Si jambo kubwa, wewe ni fundi.

Baba yako,
Nyamhanga


Mukendo, Musoma, 3 Machi 2024

Shikamoo baba,

Barua yako imefika ikinukia dagaa, lakini imefika salama. Mimi ni mzima, ila kifua kinabana kidogo kwa vumbi la karatasi hapa steshenari. Mkono wako wa kushoto unaandika vizuri kuliko wangu wa kulia, na hilo silisemi kukufurahisha.

Umesema si jambo kubwa. Ngoja nikueleze kwa nini ni kubwa, na usinikasirikie kabla ya kufika mwisho wa barua.

Nilichotengeneza kinaitwa modi. Gemu lenyewe ni la kampuni ya Ulaya, sisi wachezaji tunatengeneza nyongeza tunaziingiza humo: shamba, jembe, mnyama. Kwenye kompyuta hakuna anayekuuliza, ni kama kwako, unaingiza kitanda mlango wowote. Lakini mashine kama hiyo ya Mseti ni nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba ndiye mwenye ufunguo. Kila modi inakwenda kwanza kwa kampuni. Wakaguzi wao wanaijaribu wiki nyingi, na wakiona doa moja wanairudisha, unarekebisha, unaanza foleni upya. Na kuna kitu hawakiruhusu kabisa kwenye hizo mashine. Kinaitwa skripti, yaani maelekezo tunayoyaandika wenyewe ili kitu kijue la kufanya. Baba, Korti na Sirari wanatembea kwa skripti. Ukiiondoa wanabaki sanamu mbili zenye pembe.

Si wewe peke yako unayeuliza. Kila nikifungua ukurasa wangu nakuta watu wa Brazili, wa Polandi, wa sijui wapi: lini italetwa kwenye mashine, lini, lini. Wengine wananitukana mimi na mama yangu ambaye hawamjui, Mungu amrehemu. Kazi hii naifanya bure baada ya kutoa fotokopi kutwa nzima. Nilishajiapiza kwamba mashine sizigusi.

Lakini umeomba wewe. Nitajaribu kulileta shamba. Maksai haitawezekana, ukubali hilo mapema. Utalilima kwa trekta, Agness akikusaidia.

Mwanao,
Hezron


Bunda, 30 Machi 2024

Hezron,

Marahaba. Mimi mzima. Agness mzima. Mvua imenyesha.

Trekta ninalo humu tayari, na shamba la Mzungu ninalo, kubwa, halina hata jiwe. Sikuomba trekta. Bugwema haijawahi kulimwa na Nyamhanga kwa trekta na haitaanza kwenye televisheni.

Halafu Agness alinionyesha kwenye simu yake picha ya hiyo modi yako. Korti na Sirari wanavuta, mtu kashika plau nyuma. Mbele hakuna mtu. Nani anawaongoza? Maksai hawaendi bila mtu mbele. Wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote, ulitembea mbele ya maksai tangu una miaka minane.

Fikiri tena.

Baba yako


Mukendo, 22 Juni 2024

Shikamoo baba,

Habari za siku. Najua nimekaa kimya, na Marcelina ameniambia umekuwa ukimuuliza kila Ijumaa kama nimempa kitu. Sikuwa na la kusema. Sasa ninalo.

Nimetengeneza trekta. Usiitupe barua, endelea kusoma. Ni trekta dogo lisiloonekana, na juu yake nimewavalisha Korti na Sirari. Miguu yao nimeiunga na mzunguko wa magurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka na wao wanapiga hatua. Hakuna skripti hata mstari mmoja. Mashine itaamini ni trekta, wewe utaona maksai. Imenichukua miezi miwili kuzuia kwato za nyuma za Sirari zisizame ardhini.

Ili nipate sauti na rangi ya ngozi nilikwenda Butiama kwa Mzee Keraryo, aliyewanunua. Sirari amekufa, baba. Ni ndigana, ile homa ya kupe, mwaka jana. Sikujua kama ulishaambiwa na sikutaka uisikie sokoni. Korti yupo. Amezeeka, mgongo umeingia ndani. Nilipomwita jina aligeuza sikio moja, lile lililochanika, akaendelea kula. Keraryo akaniambia, "Huyu alikuwaga anajua kona mwenyewe, huhitaji hata kumwambia. Sasa hivi anakula majani yangu tu na simchinji." Nilimrekodi akilia, akicheua, akipumua. Nilikaa naye mpaka Keraryo akaniuliza kama nimekuja kumposa.

Mambo mawili ujue. Kwanza, trekta lazima linywe dizeli, na siwezi kuliachisha bila skripti. Kila ukimaliza ekari chache itabidi uwapeleke maksai kituo cha mafuta. Nimekiweka nyuma ya zizi, nimekipaka rangi ya udongo. Pili, mtu wa mbele hayupo. Mtu anayetembea mwenyewe ni skripti tupu. Nisamehe.

Jana nimeituma kwa wakaguzi.

Mwanao,
Hezron


Bunda, 14 Julai 2024

Kwako Hezron,

Hujambo mwanangu. Sisi hatujambo.

Nilikuwa sijaambiwa habari ya Sirari. Siku mbili sikuandika kitu. Alikuwa mvivu, lakini alikuwa mvivu mwaminifu, unajua atasimama wapi.

Siku ya tatu nikarudia kusoma habari ya kituo cha mafuta, nikacheka mpaka Agness akaja mbio akidhani kiharusi kimerudi. Maksai wanaokunywa dizeli! Babu yako angefufuka aje aone, halafu angerudi kaburini mwenyewe. Sawa. Watakunywa dizeli. Mimi nakunywa vidonge sita kwa siku, nani amekuwa kama zamani?

Mtu wa mbele anakosekana, lakini sitakusumbua tena kwa hilo. Nitawaongoza kwa mdomo, hata kama ni nusu mdomo.

Nangoja. Agness anaiangalia kwenye orodha kila jioni. Anasema haijaja.

Baba yako


Mukendo, 9 Novemba 2024

Shikamoo baba,

Natumaini wewe na Agness mko salama na zile dawa unazimeza, huzifichi chini ya godoro kama alivyoniambia.

Wameirudisha. Hii ni mara ya tatu. Mara ya kwanza walisema ni nzito, mashine za zamani kama hiyo ya Mseti haziwezi kuibeba. Nikang'oa miti. Nikaondoa shule, kisima, nyumba ya Clever jirani yetu, vilima vyote vya upande wa Buhemba. Nilibakiza shamba, zizi na mawe. Mara ya pili wakaandika kwamba ukipiga kona kali gurudumu moja linachungulia chini ya tumbo la Korti. Nikalificha. Wiki tisa kwenye foleni. Halafu kampuni ikaleta apdeti ya gemu zima, na modi zote zilizokuwa kwenye foleni zikahesabiwa zimeharibika. Wamenirudishia juzi na ujumbe wa mstari mmoja, wala hawakuifungua. Wanataka niitengeneze upya kwa toleo jipya.

Baba, nimechoka. Natoka kazini macho yanauma, nakaa kwenye kompyuta kurekebisha kivuli cha ng'ombe aliyekufa, ili mtu nisiyemfahamu huko Ulaya aniambie kivuli kimepinda. Hawa wa Brazili nao hawaishi. Mmoja kaniandikia kwamba mimi ni mvivu.

Nimeamua kuiacha. Nitakuja Krismasi na kompyuta mpakato, utaliona shamba humo kwa nusu saa. Kulima haitawezekana, mpakato ni dhaifu kwa hilo, lakini utaliona. Nisamehe.

Mwanao,
Hezron


Bunda, 1 Desemba 2024

Hezron,

Sisi wazima.

Usije na kompyuta. Sitaki kuonyeshwa shamba langu kama picha ya harusi ya watu.

Ukitaka kuacha kazi, acha. Ila mara hii wafungue nira kwanza.

Baba yako


Mukendo, 16 Machi 2025

Shikamoo baba,

Krismasi sikuja. Unajua kwa nini. Barua yako ina maneno machache na nimeyabeba miezi mitatu na nusu. Nilianza kukujibu mara nyingi nikachana. Agness ananiambia uko sawasawa na unauliza kama nimekufa. Sijafa.

Miaka kumi na miwili hukuwahi kulitaja. Nilipokuja ulipoanguka nilikuogesha, nikakulisha, tukaongea habari za mvua, na hili halikutajwa hata siku moja. Nilijidanganya kwamba limeisha. Sasa umelitaja, nami nitalisema lote.

Oktoba ile mwaka 2012 nilikuwa nimeshakuomba mara mbili niende Musoma kwenye kozi ya kompyuta, ukasema tukimaliza kulima. Kozi ilianza Jumatatu, na siku ile ilikuwa Jumapili, na tulikuwa tumebakiza mstari mmoja. Mstari mmoja tu. Ulikwenda nyumbani kutafuta boliti ya plau. Lori la mchanga likapita barabarani, dereva ananijua, akasimama. Nilifunga kamba ya Korti kwenye mgunga, nikaruka juu. Sikuwafungua nira. Niliwaona wakiwa wamesimama juani, wamefungwa pamoja, mpaka lori lilipokata kona. Korti alikuwa ananitazama mimi, si majani. Niliapa kesho yake nitarudi kukuomba radhi, na kesho ikawa miaka.

Nilikuwa mjinga na nilikuwa na haraka. Naomba radhi, baba. Ningesema haya uso kwa uso ningekuwa mwanamume zaidi, lakini nimeanza na karatasi.

Desemba, baada ya kusoma barua yako, niliifungua tena ile modi. Nikaitengeneza upya yote kwa toleo jipya, tangu kwato mpaka pembe. Niliituma Januari. Imepita. Jana asubuhi nimeikuta kwenye orodha ya mashine, na jina lake, Shamba la Bugwema. Mwambie Agness aipakue. Watu wa Brazili wameshaanza kulalamika kwamba maksai wanakwenda polepole.

Mwanao,
Hezron


Bunda, 20 Aprili 2025

Kwako mwanangu Hezron,

Marahaba. Nimekusikia. Hii nimeiandika siku nane, kwa hiyo usitafute uzuri wa herufi.

Radhi nilikupa zamani. Mtu hawezi kukaa na kijana wake moyoni kama jiwe miaka yote hiyo, atakufa kabla ya kiharusi. Niliwafungua wale ng'ombe, nikawapeleka mtoni wakanywa, nikarudi nyumbani nikamwambia mama yako asipike kingi. Basi.

Modi imekuja. Agness aliiwasha nikaliona zizi, na lile lango lililolala upande mmoja. Hata hilo umelikumbuka. Halafu Korti akalia. Hezron, ile sauti. Agness alitoka nje akaniacha peke yangu na televisheni. Nililia mpaka kola ya shati ikalowa, na kwa kuwa upande mmoja wa mdomo hausikii, hata kulia kwangu siku hizi ni kwa upande.

Tulilima. Agness alibonyeza kulia, mimi nikakata kona. Tuliwanywesha dizeli mara moja. Tulikwenda vizuri mpaka upande wa kaskazini, kwenye yale mawe matatu. Pale nikasimama. Nikamwambia Agness arudie kuangalia, labda macho yangu.

Umelima mpaka kwenye mawe. Mwanangu, pale hapajalimwa.

Umesahau tulivyokuwa tunafanya? Tangu babu yako, mstari wa mwisho wa shamba hashiki plau mwenye plau. Anaishika yule aliyetembea mbele msimu mzima, na mwenye plau anakwenda mbele kumwongozea. Wewe uliushika kila mwaka, unaupindisha kila mwaka, na mimi natembea mbele nikicheka ili usinione. Mwaka ule uliondoka kabla ya mstari wako. Haukuwa wangu, nisingeweza kuulima. Mwaka uliofuata nikauruka. Mwaka mwingine nikauruka. Nilipoanguka, Clever akaanza kulima kwa trekta la kukodi, nikamwambia alime kote lakini asiguse pale kwenye mawe. Anadhani kuna kaburi.

Nyasi zake sasa zinafika kiunoni, anasema. Na wewe umezifuta.

Sikulaumu. Lakini Agness akibonyeza tena nalima mahali ambapo najua si kweli, na raha imeniishia. Zima hicho kitu ufanye kazi zako.

Baba yako


Mukendo, 4 Mei 2025

Shikamoo baba,

Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni mwa steshenari, na Marcelina bado yupo mbele yangu.

Shamba nililichora kwa kufuata picha iliyopigwa na setilaiti. Kwenye picha ule ukanda upo, mwembamba, wa kijani, kando ya mawe. Nilidhani ni njia ya mbuzi. Nikaufuta ili shamba lipendeze. Siku zote hizi niliamini kwamba jioni ileile ulimwita Clever mkaumaliza. Nilikuwa nauona kila siku kwenye kioo cha kompyuta na sikuutambua.

Nitaurudisha. Najua umesema nizime. Ila kubadilisha ukanda mmoja wa nyasi kwenye mashine ni sawa na kuleta modi mpya: foleni ileile, wakaguzi walewale. Wana fomu wanayotaka ujaze sababu ya mabadiliko. Nilikaa nayo muda mrefu. Mwisho nikaandika: sehemu hii haijalimwa.

Kula, meza dawa, nisubiri.

Mwanao,
Hezron


Mukendo, 24 Agosti 2025

Shikamoo baba,

Hujanijibu tangu Aprili na najua sababu. Agness amenipigia. Anasema ulianguka tena Juni, kidogo, hukutaka nijue, na sasa kalamu unaishika dakika chache tu. Ninakuja mwisho wa mwezi wa tisa nikipata ruhusa, nimeshaiomba. Ila nina neno la sasa.

Nyasi zimepita. Wakaguzi waliirudisha mara moja. Waliandika kwamba kuna nyasi zimeachwa ndani ya mpaka wa shamba, inaonekana ni kosa la mtengenezaji. Nikawajibu kwamba kosa ni la mtengenezaji kweli, lakini nyasi zibaki. Sijui walielewa nini. Imepita.

Sasa sikiliza vizuri, wewe na Agness. Modi ikishakubaliwa kwenye mashine, kampuni inaruhusu mtu wa kompyuta na mtu wa mashine waingie shamba moja kwa wakati mmoja. Hilo ndilo walilokuwa wanatuwekea foleni siku zote, kumbe lina faida yake. Mimi nikiwa hapa Mukendo na wewe hapo Bunda, tutakuwa Bugwema pamoja. Nimemwekea Agness bando.

Jumamosi ijayo, tarehe thelathini, saa kumi jioni. Agness asibonyeze kitu, akae tu anywe chai. Plau nitashika mimi. Wewe shuka chini, usipande kitu chochote. Mtu akiwa chini, kutembea ni kidole gumba cha kushoto tu, baba. Mkono wa kulia hauhitajiki kabisa. Nenda mbele ya Korti, taratibu, kuelekea mawe. Mimi nitakufuata.

Nilisema mtu wa mbele hawezekani bila skripti. Sikuwa nimefikiria kwamba anaweza kuwa mtu.

Mwanao,
Hezron


Bunda, 7 Septemba 2025

Hezron,

Nakula. Nalala.

Uliupindisha. Kwenye jiwe la pili niliposimama ulidhani nimekosea kitufe. Nilikuwa nacheka.

Mwisho uliwafungua maksai kwenye plau ndipo ukatoka. Niliona.

Nimemtumia Clever salamu kwa Marcelina. Vuli hii alime mpaka kwenye mawe.

Baba yako